SOMO LA INJINI: STATA INAYOCHELEWA KUACHIA

Msafiri alalaye Karatu huamshwa alfajiri na sauti za magari yanayotayarishwa kupanda Ngorongoro. Injini moja huwaka, ya pili huwaka, na ya tatu nayo huwaka; walakini hiyo ya tatu, ikiisha kuwaka, hutoa mlio mkali wa chuma kusaga chuma kwa sekunde mbili au tatu, kisha hunyamaza. Dereva hutikisa kichwa, akaondoka. Asubuhi ya pili mlio ni ule ule, ila umezidi kidogo. Hata siku moja mlio haunyamazi tena.

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu asili ya mlio huo, maana ni jambo la fedha za watu wengi. Gari la zahanati, lori la chama cha ushirika, trekta la kulimia ngano, basi la shule, injini ya pampu inayonywesha vitunguu huko Mang'ola: vyote hivi huweza kuwa na stata, na mara nyingi ni mali ya wengi. Gharama zake hukubaliwa na wazee wa kijiji, walimu na wajumbe wa kamati, ambao wengi wao hawakupata kufundishwa kazi ya injini. Fundi huwaambia, "Stata imekufa, nunueni nyingine," nao hutoa fedha. Baada ya miezi michache ile mpya nayo hulia kama ya kwanza. Je, fundi aliwadanganya? Huenda hakuwadanganya. Yamkini alitazama kitu kilichovunjika, asitazame kitu kilichokivunja.

Neno letu la leo ni hilo. Stata inayochelewa kuachia ni dalili ya ugonjwa, na mara nyingi ugonjwa wenyewe u nje ya stata. Mtu mwenye masikio mazima na taa ndogo aweza kuupeleleza kabla fedha hazijatolewa.

KAZI YA STATA

Injini ya petroli au ya dizeli haiwezi kuanza peke yake. Hapana budi izungushwe kwanza na nguvu nyingine. Zamani dereva aliizungusha kwa hendeli, na mara kwa mara injini ilirudi nyuma kwa ghafula, hendeli ikampiga na kumvunja mkono. Mwaka 1911 Charles Kettering, mhandisi wa Marekani, alitengeneza stata ya umeme iliyofaa kwa magari, na magari ya Cadillac ya 1912 yaliuzwa yakiwa nayo.

Stata ni mota ya umeme. Mwisho wa mhimili wake pana gurudumu dogo la meno, ambalo mafundi huliita pinyoni. Injini nayo ina gurudumu kubwa zito liitwalo flaiwili, lenye ringi ya meno ukingoni. Wakati wa kuwasha, gurudumu dogo husogea mbele, likaingiza meno yake katika meno ya ringi, likaizungusha injini. Injini ikiisha kuwaka, gurudumu dogo lapaswa kurudi mahali pake mara moja. Kwa hiyo kazi ya stata ni mbili: kushika, na kuachia. Watu wengi huangalia ya kwanza tu. Stata ikishika, wao husema ni nzima.

Ziko namna mbili za kulisogeza gurudumu hilo. Namna ya kale huitwa Bendix, kwa jina la Vincent Bendix wa Marekani. Mhimili umechongwa mikato ya kuzunguka kama skrubu. Mota ikianza kwa ghafula, gurudumu dogo huchelewa kwa sababu ya uzito wake, likatambaa juu ya mikato hiyo mpaka likaishika ringi. Injini ikiwaka ikaenda mbio kupita mota, hulirudisha gurudumu kwa njia ile ile. Namna hii ingali ikionekana katika injini nyingi za mashua zifungwazo nyuma.

Namna ya pili ni ya magari mengi ya siku hizi. Juu ya mgongo wa stata pana sumaku ya umeme iitwayo solenoidi. Dereva akigeuza ufunguo, waya mwembamba hupeleka umeme katika solenoidi, nayo huvuta kipande cha chuma kilicho ndani yake. Chuma hicho hufanya kazi mbili kwa safari moja: huvuta uma unaosukuma gurudumu dogo mbele, na mwisho wa safari huunganisha vipande viwili vya shaba, ndipo umeme mkubwa wa betri huingia katika mota. Dereva akiuacha ufunguo, sumaku hufa, springi hukirudisha chuma nyuma, shaba huachana, na gurudumu dogo hutoka katika ringi.

Pamoja na hayo pana klachi ndogo ya upande mmoja. Kazi yake ni kuliacha gurudumu dogo lizunguke mbio bila kuuburuta mhimili wa mota. Huo ni ulinzi wa sekunde chache tu. Haikufanywa ili ivumilie safari nzima.

HESABU KWA WALIMU

Tuseme gurudumu dogo lina meno 9, na ringi ya injini ina meno 117. Ukigawanya 117 kwa 9 utapata 13. Maana yake, kila injini izungukapo mara 1, gurudumu dogo huzunguka mara 13. Injini iliyowaka, dereva asipokanyaga mafuta, huenda mizunguko kama 800 kwa dakika. Gurudumu dogo likikaa katika ringi litakwenda mara 10,400 kwa dakika. Dereva akikanyaga mafuta mpaka injini ifike mizunguko 2,000, gurudumu dogo litakwenda mara 26,000.

Klachi ikiwa nzima, mwendo huo hukaa katika gurudumu dogo peke yake. Klachi ikikwama, mota nzima huburutwa kwa mwendo huo. Nyaya za shaba zilizokazwa juu ya mhimili wake huchomoka, zikajikunja, na stata huwa chuma chakavu. Na meno ya ringi yakiisha kulika, injini au giaboksi yapaswa kufunguliwa ili ringi itolewe. Hapo gharama ya stata huonekana ndogo.

HALI YA KARATU NA NGORONGORO

Nchi yetu ya juu huisumbua stata kuliko nchi nyingine nyingi, kwa sababu nne.

Ya kwanza ni baridi. Karatu ina mwinuko wa mita kama 1,500 juu ya bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro wapita mita 2,200. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, gari lililolala ukingoni huamka na oili nzito na betri iliyopungukiwa nguvu. Grisi iliyomo katika stata nayo huwa nzito, na gurudumu dogo huteleza kwa uvivu.

Ya pili ni wepesi wa hewa. Hapo ukingoni kanieneo ya hewa imepungua karibu robo kuliko ile ya pwani. Injini ya dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Hewa ikiwa chache na baridi, huchelewa kuwaka, na stata hutumika kwa muda mrefu zaidi.

Ya tatu ni vumbi. Udongo wa nchi hii umetokana na volkano, nao wakati wa kiangazi hupondwa na magurudumu ukawa laini kama unga. Vumbi hilo likikutana na grisi huwa kama msasa na gundi kwa pamoja.

Ya nne ni kazi yenyewe. Gari linalowachukua wageni kutazama wanyama huzimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku moja. Tena ndani ya kreta, mita kama 600 chini ya ukingo, hairuhusiwi kushuka garini hovyo, maana wapo simba na nyati. Watu hushuka mahali palipowekwa tu. Dereva ajuaye ya kuwa stata yake ni mbaya huogopa kuizima injini huko chini, akaiacha inguruma toka asubuhi hata jioni. Mafuta huteketea, wanyama husumbuliwa, na ugonjwa haukutibiwa.

MAHALI PATATU PA UGONJWA

Stata ikichelewa kuachia, sababu huwa katika mahali pamoja kati ya patatu.

Mahali pa kwanza ni ufunguo na nyaya zake. Mkono wa dereva umeuacha ufunguo, lakini swichi iliyo nyuma yake haikurudi, au rilei imekwama. Basi solenoidi yaendelea kuamriwa ishike.

Mahali pa pili ni solenoidi. Amri imekoma, ila chuma chake hakikurudi, au shaba zake zimeungua zikashikana, na mota yaendelea kupata umeme.

Mahali pa tatu ni gurudumu dogo. Umeme umekwisha kukatika kabisa, walakini gurudumu limekwama juu ya mhimili kwa uchafu, kwa kutu, kwa springi iliyolegea, au kwa meno yaliyolika.

Pana na jambo la nne lisilo ugonjwa huu, nasi twalitaja ili watu wasidanganyike. Pengine baada ya injini kuwaka husikika mvumo mwembamba unaopungua polepole kama pia inayokaribia kulala. Huo ni mota iliyokwisha kuachia, nayo yamaliza mwendo wake yenyewe. Mlio wa ugonjwa hupanda dereva akikanyaga mafuta. Mvumo wa mota iliyoachia haufuati mguu wa dereva.

NAMNA YA KUPELELEZA

Fanyeni upelelezi asubuhi, injini ikiwa baridi, maana ndipo ugonjwa hujionyesha. Tieni gia katika nafasi huru, vuteni breki ya mkono, wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu mmoja akae karibu na betri, mkononi ana spana inayoenea nati ya kichwa cha hasi, ili stata ikikataa kuacha aikate betri upesi. Mtu asivute sigara karibu na betri, kwa sababu hutoa hewa inayowaka.

Jaribio la kwanza halitaki chombo cho chote. Dereva awashe injini, auache ufunguo, na atazame kama umerudi wenyewe kwa nguvu ya springi. Ukibaki mbele, au ukirudi kwa kusitasita, aurudishe kwa vidole. Mlio ukikoma papo hapo, mwizi amekamatwa: ni swichi ya ufunguo, nayo ni nafuu kuliko stata.

Jaribio la pili lataka taa. Chukueni balbu ya taa kubwa ya mbele, yenye volti sawa na betri ya gari, 12 au 24, na mwiunganishe na nyaya mbili ndefu. Injini ikiwa imezimwa, chomoeni ule waya mwembamba uingiao katika solenoidi. Waya mmoja wa taa ufungeni katika waya huo mwembamba, wa pili katika chuma kitupu cha injini. Sasa dereva ageuze ufunguo kama mwenye kuwasha. Stata haitazunguka, lakini taa itawaka. Auache ufunguo: yapasa taa izimike mara hiyo hiyo. Fanyeni hivyo mara kumi. Taa ikichelewa kuzimika hata mara moja, tafuteni ugonjwa katika swichi au rilei. Ikizimika upesi mara zote kumi, waya huo hauna hatia.

Jaribio la tatu ni la solenoidi. Rudisheni waya mwembamba mahali pake. Nyuma ya solenoidi pana nati mbili kubwa: moja hupokea waya mnene utokao katika betri, na ya pili hupeleka umeme ndani ya mota. Fungeni taa katika hiyo ya pili, na nyaya zake zikae mbali na feni na mkanda. Dereva awashe injini na kuuacha ufunguo. Taa ikiendelea kuwaka, solenoidi ndiyo inayoshikilia. Taa ikizimika mara moja na mlio wa kusaga ukaendelea, umeme umeondolewa shaka, na ugonjwa ni wa gurudumu dogo.

Majaribio haya matatu huchukua muda mfupi. Kamati iyafanye mbele ya fundi, si kinyume chake, na ajibu maswali yao. Fundi mwema hufurahi kuulizwa.

TIBA

Ugonjwa ukiwa katika swichi au rilei, badilisheni kitu hicho. Kunyunyizia mafuta ndani ya tundu la ufunguo ni tiba ya siku mbili, kwa kuwa mafuta hukusanya vumbi.

Ukiwa katika solenoidi, msikimbilie kununua. Ulizeni kwanza kwa nini imeungua. Sababu iliyo kubwa ni betri dhaifu au waya wenye kutu. Umeme ukiwa mchache, sumaku huvuta chuma kisha hukiacha, huvuta tena na kukiacha tena, tak-tak-tak, na kila mara shaba hutoa cheche. Cheche huyeyusha uso wa shaba, na siku moja vipande hushikana visiachane. Kwa hiyo pimeni betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama 12.6, wakati stata inazungusha injini isishuke chini ya volti kama 9.6. Vichwa vya betri vikiwa na chumvi nyeupe au ya kijani, visafisheni kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo, mkiangalia maji hayo yasiingie ndani ya betri. Kisha tazameni waya wa hasi mahali unapofungwa katika chuma cha injini. Kwanguo la kisu au msasa hapo limepata kuokoa stata nyingi.

Ziko solenoidi ambazo vipande vya shaba huuzwa peke yake, na fundi aweza kuvibadilisha bila kununua stata nzima. Walakini pana ugonjwa mmoja usiotibika kwa shaba. Ndani ya solenoidi mna koili mbili, moja ya kuvuta na moja ya kushikilia, zenye mizunguko iliyo sawa kwa idadi. Ufunguo ukiachwa, kwa muda mfupi kabisa umeme hupita katika koili moja kwa kwenda mbele na katika ya pili kwa kurudi nyuma. Nguvu zao hushindana zikafutana, na springi hupata nafasi ya kukirudisha chuma. Koili moja ikiungua hata mizunguko yake michache ikagusana, nguvu hazifutani tena, na chuma huchelewa kurudi. Hapo solenoidi ibadilishwe.

Ugonjwa ukiwa katika gurudumu dogo, hapana budi stata ifunguliwe, na kabla ya kuifungua betri ikatwe. Mhimili usafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, kisha ukaushwe. Stata ya namna ya Bendix isipakwe grisi wala oili nzito katika mikato yake, kwa sababu vumbi litaganda humo na gurudumu litakwama upya. Stata ya solenoidi hupakwa grisi nyepesi kidogo tu, ya namna isiyoganda kwa baridi. Ile klachi ya upande mmoja isitumbukizwe katika mafuta ya taa, maana yatafua grisi iliyofungiwa ndani yake. Ijaribuni kwa vidole: gurudumu dogo lizunguke kwa wepesi upande mmoja, na upande wa pili likatae. Likizunguka pande zote, au likikataa pande zote, klachi imekwisha.

Mwisho tazameni springi, bolti zinazoishika stata, na meno ya ringi. Bolti ikilegea, stata huinama, na meno hubanana. Tena injini izungushwe kwa mkono duara zima ili ringi yote ionekane, kwa sababu meno hulika sehemu moja kuliko nyingine. Mtu akitazama upande mmoja tu aweza kusema ni mazima, kumbe upande wa pili yameliwa.

MFANO

Tuseme kijiji kina gari la zahanati, na stata yake imeanza kulia. Kamati yanunua stata mpya. Kwa wiki sita gari ni zuri. Kisha usiku mmoja mama mjamzito apata shida, gari lawashwa, stata yashika na kukataa kuachia, moshi watoka chini ya boneti. Safari ya hospitali yasimama. Baadaye fundi wa pili aona ya kuwa waya wa hasi ulikuwa umeoza ndani ya mpira wake tangu mwanzo. Stata ya kwanza iliuawa na waya huo, na ya pili pia. Waya mmoja ungalibadilishwa mapema, kijiji kingalikuwa na fedha yake, na mama yule angalikuwa njiani. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

IKITOKEA NJIANI

Mkisikia mlio baada ya kuwasha, msikanyage mafuta. Zimeni injini upesi. Kama stata yaendelea kuzunguka hata baada ya ufunguo kutolewa, ikateni betri kwa kichwa cha hasi. Gia isiwe imeingia, maana stata iliyokwama aweza mtu kuiona inalisukuma gari lenyewe. Kuipiga stata kwa nyundo huweza kuiachisha mara moja, lakini si tiba. Stata nyingine zina sumaku ndani zinazopasuka kwa kupigwa. Mahali penye mteremko wekeni mawe kwanza, kisha ndipo mfungue boneti.

Kadhalika msishikilie ufunguo kupita sekunde 10 au 15. Injini isipowaka, ngojeni walau dakika 1, ili stata ipoe na betri ipumzike. Na injini ya dizeli yenye plagi za joto ipewe muda wake kabla ya kugeuza ufunguo, hasa asubuhi za ukingoni.

KWA WENYE MASHUA

Tunao wasomaji Mwanza, Kigoma na Tanga wasiojua baridi ya Ngorongoro, ila somo ni moja. Kwao adui ni maji badala ya vumbi, na hasa chumvi ya bahari, iletayo kutu juu ya mhimili wa stata na katika vichwa vya nyaya. Majaribio yetu hufaa kwa stata yenye solenoidi mgongoni. Ile ya Bendix hutazamwa kwa macho, kwani ukiondoa kifuniko cha injini ya nyuma ya mashua waweza mara nyingi kuliona gurudumu dogo likipanda na kushuka. Lakini pana onyo kwa wenye mashua zenye injini ya petroli ndani ya tumbo la chombo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hulala chini usionekane, na cheche ya taa ya kujaribia au ya betri yaweza kuuwasha. Fungueni vifuniko vyote, pitisheni hewa, na nuseni kwanza, kabla ya kugusa waya wo wote.

MASWALI YA DARASANI

1. Gurudumu dogo lina meno 10 na ringi ina meno 130. Injini ikienda mizunguko 900 kwa dakika, gurudumu dogo lililokwama litakwenda mizunguko mingapi?

2. Taa iliyofungwa katika waya mwembamba yazimika upesi mara kumi, lakini taa ya nati ya mota yaendelea kuwaka. Ugonjwa u wapi?

3. Kwa nini betri dhaifu huiharibu solenoidi?

4. Eleza sababu ya kutopaka grisi nzito juu ya mhimili wa Bendix.

Twawaomba walimu wayajaribu maswali haya na wanafunzi wao, kisha wawapeleke nje wakaone injini yenyewe, kwa ruhusa ya mwenye gari. Na wazee wanaoshika fedha za wengi twawaomba jambo moja: fundi akija na habari ya stata iliyokufa, wasianze na bei. Waanze na swali, "Imeuawa na nini?" Jibu likipatikana, ndipo mkoba ufunguliwe.